Chaji iliyobaki kwenye betri za kigari cha gofu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wale ambao kigari kikizimika katikati ya uwanja, wao ndio wanaopigiwa simu: mafundi wa klabu, wasimamizi wa karakana za hoteli, na vijana wa mizigo waliokabidhiwa pia kazi ya kuchaji. Vigari vya gofu vya umeme siku hizi viko Nyali, Vipingo na Diani hadi Kigali, na vingine havijawahi kuona shimo la gofu; kazi yake ni kubeba masanduku na wageni kati ya mapokezi na vyumba vya ufukweni. Sehemu kubwa inahusu betri za risasi na asidi zenye vifuniko vya kuongezea maji. Lithiamu ina swali lake karibu na mwisho.

Taa za kwenye dashibodi zinaonyesha betri imejaa. Kuna haja gani ya kupima tena?

Taa zile husoma volti ya seti nzima kwa mkupuo. Hazijui kama ndani ya seti kuna betri moja inayougua. Isitoshe, volti hushuka kila dereva anapokanyaga pedali kupanda mwinuko, kisha hupanda tena akisimama, kwa hiyo taa hucheza juu na chini ndani ya safari moja. Zitumie kwa kazi yake: kumwambia dereva sasa arudi karakana. Azisome kigari kikiwa kimesimama dakika chache, mguu ukiwa nje ya pedali.

Kuamua kama betri ni nzima au ya kubadilishwa ni jambo jingine. Betri ndiyo gharama nzito kuliko zote katika matunzo ya kigari, na huniuma kila ninaposikia seti nzima imeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu ya taa tu, bila mtu yeyote kushika mita.

Nitajuaje kama kigari changu ni cha volti 36 au 48?

Hesabu vifuniko. Kila kifuniko ni seli moja, na kila seli ni volti 2. Betri yenye vifuniko 3 ni ya volti 6, yenye 4 ni ya volti 8, yenye 6 ni ya volti 12. Betri 6 za volti 6 zinakupa 36. Betri 6 za volti 8, au 4 za volti 12, zinakupa 48. Usitegemee muundo wa gari. Club Car, E-Z-GO na Yamaha zote zimetoa vigari vya aina zote mbili, na vingi vinavyofika huku vimeshatumika kwingine na kubadilishwa vitu.

Nahitaji vifaa gani?

Multimita ya dijiti inayoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, haidromita (kifaa cha kupimia uzito wa asidi ya betri) ya kioo yenye boya linaloelea, kipimajoto, daftari na kalamu. Haidromita za bei ya chini zenye vijipira vya rangi hazifai kwa kazi hii, maana zinakwambia "nzuri" au "mbaya" tu, na wewe unatafuta tofauti ndogo kati ya seli na seli.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: multimita nyingi, betri yake ya ndani ikichoka, husoma volti juu kuliko ilivyo. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo cha mita, badilisha kwanza ndipo upime.

Kwa usalama: miwani ya kinga, glovu za mpira, nguo za zamani. Vua pete, saa na mkufu. Spana ifungwe utepe wa umeme kwenye mpini, kwa sababu chuma kikiunganisha chanya na hasi za betri hizi hutoa cheche na kuungua mkononi kabla hujakiachia. Weka ndoo ya maji safi karibu, na bikaboneti ya soda kwa ajili ya asidi ikimwagika sakafuni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na mtu apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Ni nyepesi, inapanda juu. Matundu ya hewa ya karakana yawe karibu na paa. Mlango wazi peke yake hautoshi. Sigara ni marufuku.

Nipime saa ngapi?

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Betri iliyotoka kwenye chaja muda si mrefu husoma volti ya juu isiyo ya kweli. Ya volti 8 inaweza kukuonyesha 8.8, na saa chache baadaye ikawa 8.4. Debe la mahindi lililojazwa harakaharaka huonekana limefurika. Litikise kidogo ndipo uone pengo. Na kigari kilichotoka kazini sasa hivi kina kosa la upande wa pili: kinasoma chini kuliko kilichonacho, kisha volti inapanda taratibu yenyewe.

Iache betri itulie bila kuchajiwa na bila kutumika. Saa 6 ndicho kiwango cha chini cha kuaminika, na 24 ni bora zaidi. Najua ugumu wake: kigari kinafanya kazi mchana na kinachajiwa usiku, saa 6 za kupumzika zitoke wapi? Klabu zenye siku moja ya kufunga uwanja kwa matengenezo zitumie siku hiyo. Hotelini, toa kigari kimoja kimoja kazini kwa zamu: kichajiwe usiku, kipumzike mchana mmoja, kipimwe jioni. Mara moja kwa mwezi kwa kila kigari inatosha.

Ukibanwa kabisa, washa taa kubwa za kigari kwa dakika kama kumi baada ya chaji, zima, subiri saa moja au mbili. Utakaribia ukweli, ila uandike daftarini kwamba betri haikupumzika vya kutosha.

Volti ngapi ni chaji asilimia ngapi?

Jedwali hili ni la betri za risasi zenye maji, zilizopumzika, katika joto la nyuzi 27 hivi. Graviti ni uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, kama unavyosomwa kwenye haidromita.

| Chaji | Graviti | Betri ya 6V | Betri ya 8V | Betri ya 12V | Seti ya 36V | Seti ya 48V |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 100% | 1.277 | 6.37 | 8.49 | 12.73 | 38.2 | 50.9 |
| 90% | 1.258 | 6.31 | 8.41 | 12.62 | 37.9 | 50.5 |
| 80% | 1.238 | 6.25 | 8.33 | 12.50 | 37.5 | 50.0 |
| 70% | 1.217 | 6.19 | 8.25 | 12.37 | 37.1 | 49.5 |
| 60% | 1.195 | 6.12 | 8.16 | 12.24 | 36.7 | 49.0 |
| 50% | 1.172 | 6.05 | 8.07 | 12.10 | 36.3 | 48.4 |
| 40% | 1.148 | 5.98 | 7.97 | 11.96 | 35.9 | 47.8 |
| 30% | 1.124 | 5.91 | 7.88 | 11.81 | 35.4 | 47.3 |
| 20% | 1.098 | 5.83 | 7.77 | 11.66 | 35.0 | 46.6 |

Angalia safu ya volti 8. Kutoka kujaa hadi nusu ni tofauti ya volti 0.42 tu. Ndiyo maana nasisitiza mita yenye tarakimu mbili, na ncha za mita zigandamizwe kwenye risasi ya nguzo yenyewe, si kwenye nati wala kichwa cha waya chenye ukoga mweupe. Ukigusa ukoga, unapima ukoga.

Na kumbuka, seti ya 48V ikisoma 48 kamili haijajaa. Iko chini ya nusu.

Seti yangu inasoma 50.5, yaani asilimia 90, lakini kigari kinakata pumzi kwenye mlima. Kwa nini?

Kwa sababu umepima jumla. Tuseme una betri 6 za volti 8. Umepima moja moja na kuandika hivi: 8.46, 8.44, 8.45, 8.28, 8.44, 8.43. Jumlisha: 50.50. Jedwali linasema asilimia 90 na unaenda nyumbani umeridhika. Lakini ya nne iko kwenye asilimia 75 hivi, wakati wenzake wamevuka 90, ingawa zote zilichajiwa pamoja usiku uleule.

Sasa fungua vifuniko vya hiyo ya nne, uingize haidromita seli kwa seli. Unapata 1.265, 1.260, 1.120, 1.260. Seli tatu ni nzima kabisa. Ya tatu imebaki na chini ya asilimia 30. Yaani ugonjwa wote uko kwenye seli moja kati ya 24, na volti ya jumla imeuficha.

Mlimani mota inavuta ampea nyingi, na mkondo uleule lazima upite kwenye kila seli kwa sababu zimeungwa mfululizo. Seli ile ikiisha mwanzo, wenzake wanaendelea kuusukuma mkondo ndani yake, inageuka: chanya inakuwa hasi. Hapo haisaidii tena, inakula volti za wenzake na kupata joto. Dereva anaona kigari kimekosa nguvu. Akisimama kidogo kinarudi kama kawaida. Karakana inalaumu mota, au kontrola, au waya.

Kuthibitisha, pima wakati kazi inafanyika. Mmoja aendeshe taratibu kwenye mwinuko, mwingine asome mita iliyofungwa kwa klipu na waya mrefu kwenye betri inayoshukiwa, kisha kwenye nyingine za kulinganisha. Mita isomwe na abiria aliyeketi. Mtu asikimbie pembeni ya gari akiwa ameshika waya. Betri nzima zitashuka pamoja kiasi kinachokaribiana. Mbovu itashuka volti nzima au zaidi kuliko wenzake. Kwa kawaida seti ya 48V inapofika 42 ikiwa kazini, au ya 36V inapofika 31.5, imekwisha, simamisha safari.

Kwa nini haidromita inaaminika kuliko volti?

Kwa sababu inapima chaji yenyewe, si dalili yake. Betri ya risasi, tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859, hufanya kazi kwa asidi ya salfa kuingia kwenye pleti za risasi wakati wa kutumika na kutoka wakati wa kuchajiwa. Ikiwa imejaa, asidi iko kwenye maji na maji ni mazito. Ikiwa imeisha, asidi imekaa kwenye pleti kama salfeti ya risasi na maji yamekuwa mepesi. Boya linaelea juu au linazama kufuatana na hilo. Halidanganywi na volti ya juujuu inayobaki baada ya chaja.

Kutumia ni rahisi ukifanya pole pole. Vuta maji na kuyarudisha mara mbili au tatu kabla ya kusoma, ili yachanganyike na kioo kipate joto lake. Vuta ya kutosha boya lielee bila kugusa kuta wala kofia. Shusha macho yalingane na usawa wa maji. Soma, andika, rudisha maji kwenye seli ileile uliyoyatoa. Nenda seli inayofuata. Anza kila mara kutoka upande wa chanya ili namba za daftarini zifanane mwezi hadi mwezi.

Usipime seli uliyotoka kuiongezea maji. Maji mapya hukaa juu, asidi iko chini, na haidromita itakusomea maji. Chaji kwanza hadi mwisho, mapovu yachanganye, ndipo upime.

Kati ya seli na seli, tofauti ya 0.050 au zaidi ni dalili ya seli mbovu. Tofauti ya 0.030 ni ombi la chaji ya kusawazisha, ambayo nimeieleza chini.

Joto la pwani linabadilisha vipimo?

Linabadilisha graviti. Namba za jedwali ni za nyuzi 27. Kwa kila nyuzi 5 juu ya hapo, ongeza 0.004 kwenye ulichosoma. Kwa kila nyuzi 5 chini, toa 0.004. Mfano, umesoma 1.250 Diani mchana na maji ya betri yana nyuzi 37: kipimo cha kweli ni 1.258, asilimia 90. Umesoma 1.250 ileile Nairobi alfajiri, betri ina nyuzi 17: kipimo cha kweli ni 1.242, kidogo juu ya 80. Pima joto la maji ya betri, si la hewa.

Nachaji usiku kucha, lakini sifiki 1.277. Betri zimekufa?

Si lazima. Kwanza, viwanda vingine hujaza betri za nchi za joto asidi nyepesi kidogo, kwa sababu asidi nzito kwenye joto hula betri upesi. Betri kama hiyo ikijaa inaweza kuishia 1.250 au chini yake, na ni nzima. Dawa ni moja: seti ikiwa mpya, baada ya kuchajiwa na kutumika mara kadhaa, ijaze kabisa, ipumzishe, pima kila seli, na uandike. Namba hiyo ndiyo "asilimia 100" ya seti yako kwa maisha yake yote. Kama ningeruhusiwa kusimamia jambo moja tu katika karakana zote za pwani, ningechagua ukurasa huo wa kwanza wa daftari.

Pili, angalia chaja. Kama seli zote ziko chini kwa kiasi kilekile, tuhuma inaenda kwa chaja au muda wa kuchaji. Kama seli moja au mbili tu ziko chini, tuhuma iko kwenye betri.

Tatu, jaribu chaji ya kusawazisha: chaji ya ziada, ya volti ya juu, baada ya chaji ya kawaida kwisha, kwenye chaja zenye uwezo huo. Hakikisha maji yanafunika pleti. Pima graviti kila saa. Inapanda? Endelea. Imegoma kupanda? Simamisha. Betri zitachemka mapovu na kupata joto, kwa hiyo mtu abaki pale. Hii ni kwa betri za maji tu. Za jeli na nyingine zilizozibwa zitaharibika.

Niongeze maji gani, na lini?

Maji ya betri yasiyo na madini, yale ya chupa kutoka duka la vipuri au kituo cha mafuta. Soma lebo, kwa sababu karibu nayo huuzwa asidi ya betri, na asidi haiongezwi kamwe kwenye betri inayofanya kazi. Ukiiongeza, graviti itapanda na kukudanganya huku pleti zikiliwa. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi na chokaa. Hayafai hata yakichemshwa, maana kuchemsha hakuondoi chumvi.

Kama pleti ziko wazi, ongeza yafunike tu kabla ya kuchaji. Kujaza hadi juu kunafanyika baada ya chaji, ukiacha milimita 3 hivi chini ya koo la kifuniko. Ukijaza kabla, maji yatavimba yakichajiwa, yatamwagika na asidi ndani yake, na graviti itakuwa imepungua moja kwa moja.

Nisubiri betri iishe ndipo nichaji?

Hapana. Betri ya risasi haina kumbukumbu ya aina hiyo. Chaji kila siku baada ya kazi, hata kama kigari kimezunguka kidogo, ila ukiianza chaji iache imalize. Jaribu kutoshuka chini ya asilimia 50, na asilimia 20 iwe mwiko. Kila unavyoishusha zaidi, ndivyo idadi ya chaji inayoweza kuvumilia inavyopungua, na betri inayolala ikiwa tupu inagandisha salfeti ambayo baadaye haitoki.

Lebo inasema ampea-saa 225. Nikitumia ampea 75, nitapata saa 3?

Hutapata. Ampea-saa za kwenye lebo kwa kawaida zimepimwa kwa kuitoa chaji polepole kwa saa 20. Chukua Trojan T-105, betri ya volti 6 inayojulikana sana: ampea-saa 225 kwa mwendo wa saa 20, lakini ikitolewa ampea 75 mfululizo inadumu dakika 115 hivi, ambazo ni ampea-saa 144 tu. Kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo unavyopata kidogo. Dereva anayekanyaga pedali hadi chini kila mara, akiwa na wageni wanne na masanduku yao, anaishiwa mapema kuliko mwenzake wa kigari kilekile, na betri haina kosa.

Kuchaji kunakula uniti ngapi za umeme?

Seti ya 48V yenye ampea-saa 170 ina karibu uniti 8 ikijaa. Ikirudi nusu, utairudishia uniti 4 hivi, na kwa kuwa sehemu hupotea kama joto na mapovu, hesabu 5 kwenye mita ya tokeni. Kigari kikianza kula uniti zaidi kwa kazi ileile, hiyo nayo ni habari ya kuandika daftarini.

Umeme ukikatika katikati ya usiku?

Chaja nyingine huanza upya zenyewe umeme ukirudi, nyingine hungoja uchomoe na kuchomeka tena. Jaribu yako mchana mmoja uijue. Asubuhi baada ya kukatika kwa umeme, gusa kila seti na mita kabla ya kugawa vigari. Volti itakuwa ya juujuu kwa sababu haijapumzika, lakini kigari kilichokosa chaji kitaonekana wazi mbele ya wenzake.

Hoteli inafunga msimu wa masika. Vigari vifanyweje?

Vijaze kabisa, ongeza maji, safisha juu ya betri (uchafu wenye unyevu hupitisha umeme polepole), weka swichi ya chini ya kiti kwenye TOW (hali ya kuvutwa) kama ipo. Kisha mtu awe na zamu ya kuvipima. Betri ya risasi inapoteza chaji ikiwa imekaa tu, na joto linaharakisha. Seli yoyote ikikaribia asilimia 70, chaji. Mlinzi anaweza kufundishwa kusoma multimita kwa nusu saa. Kilichoua betri nyingi za hoteli ni miezi ya Aprili hadi Juni bila mtu wa kuzitazama.

Nibadilishe ile moja mbovu, au seti nzima?

Seti ikiwa bado changa, miezi michache tu, badilisha moja, ya aina na uwezo uleule. Ikiwa imezeeka, mpya itavutwa chini na wenzake na nayo itachoka upesi. Hapo afadhali utafute betri iliyotumika, nzima, ya umri unaokaribiana, kutoka seti nyingine iliyovunjwa. Hii ndiyo faida ya kuwa na daftari la kila kigari: unajua yupi ana betri za kuazima.

Tumebadilisha kuwa lithiamu. Jedwali linatumika?

Hapana, litupe. Lithiamu nyingi za vigari ni za fosfeti ya chuma, seli 16 zilizoungwa mfululizo, jina lake likiwa volti 51.2. Volti yake karibu haibadiliki: kutoka asilimia 80 hadi 40 inashuka chini ya volti moja kwa seti nzima, wakati risasi ingeshuka zaidi ya mbili. Ukiipima kwa multimita unaweza kukosea kwa robo ya chaji na usijue. Haidromita haina pa kuingia.

Hapa kinachotakiwa ni kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka. Mfumo wa ulinzi uliomo ndani ya betri hufanya hivyo, na mara nyingi husomwa kwa simu kupitia Bluetooth au kwa kioo kidogo cha dashibodi. Kama betri yako haina, funga mita yenye shanti (kipande cha chuma cha kupimia mkondo unaopita) kwenye waya wa hasi, na kila kitu kinachotumia umeme kipite ng'ambo ya shanti. Waya mmoja ukiachwa kwenye nguzo ya betri, ampea zake hazihesabiwi. Andika uwezo wa betri kwenye mita, na mara kwa mara chaji hadi kujaa kabisa ili hesabu ianze upya kwenye 100, maana makosa madogo hujilimbikiza.

Taa za zamani za dashibodi, zilizotengenezwa kwa risasi, zitaonyesha imejaa hadi karibu na mwisho, kisha kigari kizimike ghafla. Ziondoe. Chaja ya zamani nayo iondoke.

Naweza kutumia vipimo hivi kwa betri za sola nyumbani?

Kama ni za risasi zenye maji, ndiyo, safu ya volti 12 na ya graviti zinafaa vilevile. Ugumu ni kupata saa za kupumzika, kwa sababu mchana paneli zinachaji na usiku taa zinavuta. Pima alfajiri kabla jua halijapanda, vifaa vyote vikiwa vimezimwa tangu usiku. Za kuzibwa husoma juu kidogo. Nyingi zikijaa huwa kati ya 12.8 na 13.0, kwa hiyo fuata karatasi iliyokuja nazo.